Kufufua pikapu ya zamani nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia chesisi hadi rangi

Pikapu nyingi za zamani zinazofunguliwa nyumbani hazirudi barabarani. Pesa huchangia na ufundi huchangia, lakini kinachoziua zaidi ni mpangilio wa kazi. Mwenye gari anaanza na kinachoonekana: anang'oa kabini, anapeleka kiti kikashonwe, ananunua rimu. Mwisho wa yote gari limegeuka maboksi ishirini ya vipuri na hakuna anayekumbuka bolti ipi ilitoka wapi.

Mpangilio tunaoushauri hapa ni mwingine. Kwanza injini iwake. Pili gari lisimame kwa breki zake lenyewe. Baada ya hapo shughulikia kutu, kisha waya, kisha mabadiliko unayoyatamani, na rangi ije mwishoni. Kwa muda mrefu wa kazi, gari libaki limesimama juu ya magurudumu yake na liweze kusukumwa.

Chagua gari kwa chesisi, injini baadaye

Raha ya pikapu ya zamani ni kwamba kabini na bodi ya nyuma vimefungwa juu ya chesisi kwa bolti. Watu wanne wenye nguvu wanaweza kuishusha bodi ya nyuma bila mashine yoyote. Injini mbovu hutengenezeka, giaboksi hubadilishwa. Chesisi iliyooza au fremu ya kioo cha mbele iliyoliwa na kutu ndiyo sababu ya kuliacha gari ukaenda kutafuta jingine.

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, tochi, na sumaku iliyofungwa kitambaa. Lala chini ya gari ugonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti bubu na magamba yanadondoka. Gonga zaidi sehemu tatu: pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, kwenye mashikio ya springi, na pale kabini inapokalia bushi zake za mpira. Kisha ingia ndani, funua mkeka, uchokonoe sakafu kwa bisibisi. Pembe za nyuma za kabini, vizingiti vya milango, chini ya betri, na kona za chini za kioo cha mbele ndizo sehemu maji yanapotuama katika karibu kila pikapu, iwe Chevrolet, Ford, Datsun au Toyota.

Sumaku isiposhika, kuna puti nene chini ya rangi. Tazama pia mwanya kati ya mlango na kabini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, kabini imelala kwa sababu vizingiti vimeoza, au gari liliwahi kugongwa.

Mambo mawili husahaulika. Linganisha namba ya chesisi na hati kabla ya kutoa pesa, na baadaye usikate wala usisage sehemu yenye namba hiyo. Halafu hesabu vitu vidogo visivyokuwepo: geji za dashibodi, nembo, urembo wa kromu, vioo, bati la mlango wa nyuma. Kuipata injini nzima mara nyingi ni rahisi kuliko kuupata ukanda mmoja wa kromu wa mwaka husika.

Kabla ya bolti ya kwanza

Osha gari chini na juu. Piga picha kila kona, hasa njia za waya, za mabomba ya breki na za mipira ya vakyumu. Kila kinachofunguliwa kiingie kwenye mfuko wake wenye maandishi: kimetoka wapi, upande gani, bolti ngapi. Bolti ya kipuri irudishwe mahali pake kwa vidole mara baada ya kipuri kutoka, ikiwezekana. Hapo haipotei.

Jeki ni ya kunyanyulia tu. Usiingie chini ya gari lisilokaa juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya chesisi au ekseli, kwenye sakafu ngumu, na magurudumu yanayobaki chini yakiwa na vizuizi. Matofali ya saruji hupasuka bila onyo, usiyatumie.

Ujue gari lako linatumia spana za aina gani. Pikapu za zamani za Marekani ni inchi, za Japani ni milimita. Bolti ya 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, kwa hiyo bolti ya M8 (ya milimita 8) huingia nyuzi moja au mbili kwenye tundu lake, kisha inagoma. Anayelazimisha kwa spana ndefu anaharibu nyuzi za tundu.

Bolti iliyoshika kutu: isugue kwa brashi ya waya, ipulizie mafuta ya kupenya leo, rudia kesho. Unapoifungua, anza kwa kuikaza kidogo ili kutu ivunjike, ndipo uirudishe nyuma robo mzunguko kwa wakati. Ikigoma, ipashe joto nati yenyewe, kwa kuwa inatanuka na kuachia bolti. Joto hilo lisikaribie tangi, bomba la mafuta wala bushi za mpira.

Kuiamsha injini iliyolala

Usianze na stata. Injini iliyokaa miaka ina ringi zilizoshikana na kuta za silinda, na pengine valvu iliyokwama wazi. Stata ina nguvu ya kutosha kuvunja ringi au kupinda pushirodi kabla hujasikia chochote. Weka mtungi wa kuzimia moto karibu, kisha fuata hatua hizi:

1. Legeza nati ya kumwagia oili polepole. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo yatatangulia kutoka. Yakitoka mengi, tarajia gasketi ya silinda hedi iliyokufa au hedi iliyopasuka, na usiendelee hadi umeifungua.

2. Toa plagi zote na uzipange kwa namba za silinda. Mimina kwenye kila silinda mililita 10 hadi 15 za mafuta ya giaboksi otomatiki yaliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni. Acha siku mbili au tatu, ukiongeza kidogo kila siku. Mchanganyiko huu huwaka haraka na hujitenga ukikaa, kwa hiyo utikise kabla ya kumimina na usiwe karibu na cheche.

3. Weka gia huru. Tumia soketi na mpini mrefu kwenye bolti ya mbele ya krenkishafti, uisukume kwa upole mbele na nyuma. Ikisogea hata digrii tano, imekubali. Endelea kuongeza taratibu. Ikigoma kabisa, toa stata kwanza kuhakikisha si gia yake iliyong'ang'ania flaiwili, kisha ongeza mafuta usubiri tena.

4. Fungua kifuniko cha roka kabla ya kukamilisha mzunguko mzima. Msaidizi azungushe, wewe utazame: kila roka lazima ishuke na kupanda. Valvu iliyobaki chini huku roka yake imelegea imekwama. Ilowanishe kwa mafuta ya kupenya na uigonge kidogo kwa nyundo ya plastiki hadi irudi.

5. Weka oili na filta mpya. Injini hizi nyingi zina tapeti bapa zinazoteleza moja kwa moja juu ya kemshafti, na oili za kisasa za magari madogo zina zinki kidogo mno kwao. Tafuta oili iliyoandikwa kwa injini za zamani, yenye zinki kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 na 1,400.

6. Plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata sekunde kumi kumi, ukiipumzisha katikati, mpaka geji ya oili ipande au oili ionekane ikitoka kwenye roka.

7. Usitumie tangi la zamani. Funga chupa ya mafuta safi, weka petroli freshi lita moja, uiunganishe na pampu kwa mpira mpya. Petroli iliyokaa miaka hugeuka gundi, nayo ikifika kwenye kabureta itaziba jeti zote.

8. Safisha nyuso za pointi za distributa kwa msasa laini sana, uzifute kwa kitambaa chenye spiriti. Kwa injini nyingi za Kijapani za silinda nne mwanya ni karibu milimita 0.45, kwa V8 za General Motors pima pembe ya kufunga (digrii za mzunguko wa distributa ambazo pointi zinabaki zimefungwa), iwe digrii 30. Hakikisha mpangilio wa nyaya: 1-3-4-2 kwa Toyota za silinda nne kama 12R na 18R, 1-8-4-3-6-5-7-2 kwa V8 ndogo ya Chevrolet, 1-5-3-6-2-4 kwa silinda sita za mstari za Chevrolet.

9. Jaza rejeta maji safi kwa majaribio, rudisha plagi, washa. Geji ya oili isipopanda ndani ya sekunde kumi, zima mara moja.

Ikizunguka bila kuwaka, angalia cheche kabla ya mafuta. Cheche dhaifu ya rangi ya njano kwenye injini yenye pointi mara nyingi ni kondensa, kipuri kidogo cha bei ndogo ambacho watu hukiacha cha zamani wakabadilisha koili bila sababu. Ikiwaka na kufa baada ya sekunde chache, mafuta hayafiki: boya la kabureta limekwama au dayaframu ya pampu imekauka.

Injini ikishapata joto, pima kompresheni. Toa plagi zote, kanyaga akselereta hadi chini ili kabureta iwe wazi, betri iwe imejaa, na kila silinda ipewe mizunguko sawa, minne au mitano. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Iliyo dhaifu imiminie kijiko kimoja cha oili, upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi. Kisipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka kati yao. Lakini usikimbilie kufungua injini kwa kipimo cha kwanza: ringi zilizokaa miaka zikishachemka na kutembea kilomita mia kadhaa mara nyingi hujirekebisha.

Breki: hapa hakuna cha kuokoa

Mfumo wa breki wa gari lililolala unafunguliwa wote. Masta silinda, silinda za magurudumu, mipira mitatu inayocheza, na mabomba ya chuma: vyote vipya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na ndani ya bomba kutu huanza bila kuonekana nje. Mpira wa zamani huvimba ndani na kugeuka vali: ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, na gurudumu moja linabaki limeshika. Watu hulaumu silinda wakati kosa ni la mpira.

Pikapu nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zina masta silinda ya chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Chevrolet na Ford zilihamia vyumba viwili mwaka 1967, na masta silinda ya aina hiyo ndiyo badiliko la kwanza tunalolipendekeza kwa gari la nyuma ya hapo, kabla ya rimu, kabla ya redio, kabla ya chochote.

Kwa mabomba tumia ya aloi ya shaba na nikeli, kipenyo cha inchi 3/16 kwa magari mengi. Hupindika kwa mkono na hayashiki kutu. Shaba tupu ni laini, huchoka na kupasuka, isitumike. Mdomo wa bomba unapanuliwa na kukunjwa mara mbili kwa digrii 45 kwenye magari ya Marekani, na nati za Japani nyingi ni M10x1.0; magari mengi ya Ulaya yana mdomo wa mviringo. Mdomo usiolingana na kiti chake utavuja hata ukikaza hadi nati ikatike. Viungo vya kubana vya mabomba ya maji havina nafasi hapa.

Ndani ya dramu, usipulize vumbi kwa hewa. Brekishu za zamani zina asbesto. Lowanisha kwa maji yenye sabuni, futa, na kitambaa ukifunge kwenye mfuko. Pima kipenyo cha dramu: kwenye dramu nyingi kikomo chake kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye breki za Marekani ambazo shu mbili zinasukumana, ile yenye bitana fupi inakaa upande wa mbele wa gari na yenye ndefu upande wa nyuma. Ukizigeuza breki zitafanya kazi, ila kwa nguvu ndogo, na utatafuta hewa kwenye mabomba wiki nzima bila kuipata. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ule mwingine ubaki kama kielelezo.

Masta silinda itolewe hewa kwanza mezani, ikiwa imefungwa kwenye jiliwa, mirija ikirudi kwenye chumba chake. Kisha toa hewa magurudumu kuanzia lililo mbali zaidi na masta: kwa gari la usukani wa kushoto ni nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Tumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4. Oili yoyote ya injini au ya usukani ikiingia humo, mipira yote inavimba na kazi inaanza upya. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo nyingine.

Ukibadilisha mbele kuwa diski, kumbuka vali ndogo ya kubakiza presha. Dramu huhitaji presha ya psi 10 (paundi kwa inchi ya mraba) ibaki kwenye bomba. Diski hazihitaji, isipokuwa masta silinda ikiwa chini ya sakafu, usawa wa kalipa au chini yake; hapo weka vali ya psi 2 ili mafuta yasirudi. Masta ya dramu iliyoachiwa vali yake ikilisha diski, pedi zitakwaruza daima na mbele patachemka. C10, pikapu ya Chevrolet, ilipata diski za mbele kiwandani mwaka 1971, kwa hiyo vipuri vya mwaka huo hadi 1972 huingia kwa urahisi kwenye zile za 1967 hadi 1970, ila hesabu ya nati za gurudumu inabadilika kutoka sita kwenda tano.

Kutu

Kutu ya juu inasuguliwa. Kutu iliyotoboa inakatwa. Hakuna dawa ya kati, na puti juu ya tundu ni mkopo wenye riba: unyevu huingia kwa nyuma, puti inavimba, na tundu linarudi kubwa mara mbili.

Kata hadi ufike chuma cheupe, angalau sentimita mbili kupita kutu ya mwisho unayoiona. Kabla ya kukata kizingiti au sakafu, chomelea vyuma vya muda ndani ya kabini kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ya kila mlango, na kingine kuvuka upana. Kabini isiyoshikiliwa hufunguka milimita chache tu, lakini milimita hizo zinatosha mlango usifunge tena. Fanya upande mmoja kwa wakati, huku kabini ikiwa bado imefungwa kwenye chesisi.

Kiraka kiwe cha bati la milimita 1.0 hadi 1.2, kulingana na unene wa asili. Mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi ya argoni asilimia 75 na kaboni dioksidi 25 inafaa. Usivute mstari mrefu. Choma nukta, hamia upande wa pili wa kiraka, choma nyingine, rudi katikati. Nukta zikifika umbali wa sentimita mbili na nusu, anza kujaza mapengo kwa mtindo uleule wa kurukaruka, ukigusa bati kwa mkono: likiwa moto wa kukuunguza, pumzika. Bati bapa likipata joto sana linajikunja, na kulinyoosha ni kazi kubwa kuliko kuchomelea kwenyewe. Usisafishe chuma kwa kemikali ya kusafishia breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Mvuke wake ukipata joto hilo hutoa gesi ya fosijini inayoua. Tenganisha nyaya za betri na za altaneta, na usichomee karibu na tangi.

Vipuri vidogo kama bawaba, mabano na vifuniko huvuliwa kutu kwa umeme. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi ya kufulia kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne. Waya chanya wa chaja ya betri ufungwe kwenye kipande cha chuma chakavu, waya hasi kwenye kipuri, visigusane. Kwa saa kumi na mbili kutu inageuka tope jeusi linalofutika. Fanya nje, kwani hewa inayotoka ni hidrojeni. Chuma chakavu kisiwe stenlesi, kwa sababu maji yatabeba kromiamu yenye sumu. Wala usitumie chumvi badala ya magadi.

Ukimaliza kuchomelea, paka praima ya epoksi siku hiyohiyo, ziba viungo kwa sila, na ndani ya vizingiti na nguzo nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Acha matundu ya kutolea maji wazi. Gari jingi lililotengenezwa vizuri limeoza upya kwa sababu fundi aliziba matundu hayo akidhani ni kasoro.

Tangi la mafuta halichomelewi nyumbani, hata likiwa tupu na limekauka miaka. Mvuke uliobaki kwenye mishono unatosha kulipua.

Umeme

Anza na kujua gari lako lina volti ngapi na arthi ipo upande gani. Ford za Marekani zilikuwa volti 6 na chanya kwenye chesisi hadi 1955, zikahamia volti 12 na hasi kwenye chesisi mwaka 1956. Ukiunganisha betri kinyume kwenye gari lililowekewa altaneta, daiodi zake zinakufa papo hapo.

Matatizo mengi ya taa zinazofifia, geji zinazocheza na stata inayosita ni arthi. Weka nyaya tatu mpya nene: betri kwenda bloki ya injini, bloki kwenda chesisi, chesisi kwenda kabini. Kila mguso ukwaruzwe hadi chuma kitupu, ufungwe, kisha upakwe grisi. Pima kwa malitimita huku taa zikiwaka, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa taa: ukiona zaidi ya volti 0.2, arthi bado mbaya.

Taa kubwa zipewe rilei mbili. Kwenye magari haya umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya dashibodi, waya mrefu na mwembamba, na ndiyo maana swichi huchemka na taa huwa hafifu. Rilei huchukua umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi, na swichi inabaki na kazi ya kuamuru tu.

Ukifunga kifaa cha elektroniki badala ya pointi, kagua kwanza waya wa koili. Magari mengi yana waya wa ukinzani au kipande cha ukinzani kinachoshusha volti kufika 9 hivi. Vifaa vingi vya elektroniki vinataka volti 12 kamili, huku koili ya om 1.5 ikipewa volti 12 bila ukinzani huungua. Soma maelekezo ya kifaa na koili pamoja.

Kushusha gari na kubadilisha magurudumu

C10 za 1967 hadi 1972 nyingi zina springi za koili nyuma na mikono mirefu inayoshika ekseli. Kuzishusha kwa springi fupi ni rahisi, lakini ekseli inashikwa isiende pembeni na fimbo moja ya kukingama, na gari likishuka fimbo hiyo huisukuma ekseli upande mmoja. Gurudumu moja litakaribia madgadi kuliko jingine. Dawa ni fimbo inayorekebishika urefu. Mbele, tumia spindeli zilizoinuliwa inchi mbili na nusu badala ya kukata koili: springi inabaki na mwendo wake wote, na gari haligongi chini.

Kwa springi za majani, angalia kwanza ekseli iko wapi. Ikiwa juu ya majani, bloki kati yao zinashusha gari. Ikiwa chini ya majani, bloki zitalinyanyua, na kulishusha kunahitaji kuihamishia ekseli juu. Kwa vyovyote, pima pembe ya difu: shafti ya giaboksi na ya difu ziwe sambamba, na kila kiungo cha propela kifanye kazi kwa digrii 1 hadi 3. Mtetemo unaokuja kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa baada ya kushusha gari mara nyingi ni pembe hiyo. Ford F-100 za kuanzia 1965 zina mihimili miwili mbele. Ukibadilisha springi tu, magurudumu yanainama ndani juu na tairi linaisha upande mmoja, kwa hiyo nunua mihimili iliyopinda.

Rimu: mpangilio wa nati tano kwa milimita 127 ni wa C10 za 1971 na kuendelea, tano kwa 139.7 wa F-100 nyingi, sita kwa 139.7 wa C10 za nyuma zaidi na wa Land Cruiser. Kabla ya kununua, pima nafasi kati ya rimu na fimbo za usukani, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili. Nati zenye herufi L upande wa kushoto, kama kwenye baadhi ya Dodge, hufunguka kinyume. Na ukikuta rimu ya vipande viwili au vitatu yenye pete ya kufungia, usiipulize wala kuifungua nyumbani. Pete ikiruka inaua. Badilisha.

Tangi la C10 hizo liko ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Kulihamishia chini ya bodi, nyuma ya ekseli, ni badiliko lenye faida kuliko yote ya urembo: harufu inakwisha na nafasi inapatikana. Bomba jipya lipite ndani ya chesisi, mbali na ekzosi. Mikanda ya usalama ifungwe kwa bolti za 7/16 zenye bamba la chuma cha milimita 3 nyuma ya bati, lisilopungua sentimita 7 kwa 7.

Rangi na sakafu ya mbao

Rangi ya zamani mara nyingi ina risasi, kwa hiyo isugue kwa maji. Juu ya chuma kitupu: epoksi, puti nyembamba juu ya epoksi, praima ya kujaza, kisha msasa 180, 320, na 400 hadi 600 kabla ya rangi ya juu. Puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi kabla ya kusugua kwa ubao mrefu. Mabonde yatabaki meusi. Kliya (rangi angavu ya juu) na praima zenye kigandishi zina isosianeti, kemikali yenye sumu kwa mapafu, na barakoa ya kawaida ya mkaa haitoshi. Inatakiwa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Asiyekuwa nayo apeleke kwa mpuliza rangi, kazi nyingine zote akiwa amezimaliza mwenyewe. Matokeo ya rangi, kwa vyovyote, yanaamuliwa na msasa.

Mbao za sakafu ya nyuma zitobolewe kwanza, kisha zipakwe pande zote sita pamoja na ncha na ndani ya matundu, ndipo zifungwe. Acha milimita 3 kila upande chini ya vipande vya chuma. Mbao hutanuka mvua ikinyesha, na zisipopata nafasi zinainuka katikati na kupasuka kwenye bolti.

Kilomita za mwanzo

Safari ya kwanza iwe mwendo wa kutembea, ukijaribu breki mara kumi. Gusa kila gurudumu baadaye: lililo moto kuliko mengine lina breki inayoshika au beringi iliyokazwa mno. Beringi za koni hukazwa gurudumu likizungushwa, zinaachiwa, kisha zinakazwa kwa vidole na kufungwa pini mpya. Kemshafti mpya, kama uliiweka, ilindwe mara tu injini inapowaka kwa mara ya kwanza: mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, bila kuiacha ilale chini ya hapo.

Nati za magurudumu kaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100, bolti-U za springi za majani baada ya 200 hivi, na bolti za kabini baada ya bushi mpya kukaa. Oili ya kwanza imwagwe kilomita 500, filta ikatwe kwa msumeno na mikunjo yake ifunguliwe chini ya taa: unga wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyong'aa vyenye rangi ya shaba ni beringi za injini.